Marehemu Ana Kiu

Msomaji wangu, kabla hujakaa vizuri nikutegee kitendawili. Watu wamesimama kimya, vichwa chini, wanamkumbuka maiti. Maiti naye amesimama nao. Ana kiu, viatu vinambana, na anatamani kuuliza choo kiko wapi. Ni nani huyo?

Fikiri. Ukishindwa usinipe mji. Huu mmoja ninaoishi unanitosha kwa matatizo.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, hukukosa mengi ila kilio. Mjukuu wangu wa kike, ninayemwita Hakimu kwa sababu tangu ana meno ya utoto alikuwa akiamua kesi za wenzake, amemaliza shahada ya kwanza, na moyo wake umetua kwenye uzamili wa elimu ya uhalifu. Si kusomea wizi, kama anavyonitangazia jirani yangu muuza mkaa. Ni kusomea kwa nini watu huiba, kwa nini huua, na sisi wengine tufanye nini nao. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi hadi nimekaribia kupewa cheti mimi.

Tuligonga milango ya wafadhili. Wa kwanza walitaka mtu ambaye tayari ni askari. Wa pili walitaka aliyekwisha kupata nafasi chuoni, na chuo kilitaka aliyekwisha kupata mfadhili, basi tukapigwa danadana mpaka tukachoka. Wa tatu alikuwa bwana mwenye viatu vya kung'aa, aliyejiita wakala wa ufadhili. Tuliporudi ofisini kwake tukakuta saluni. Mtoto anataka kusomea matapeli, tapeli kamuwahi!

Niliwaacha pale simu ilipolia. Mfuko wa nne ulitaka kumwona Hakimu uso kwa uso, aje na mtu mzima mmoja wa familia.

Mtu mzima mmoja. Nikainuka kutafuta viatu vyangu.

"Nimeshamwambia Mjomba," akasema Hakimu.

Mjomba wake ni mwanangu wa mwisho, fundi wa kuchomelea mageti. Tunamwita Cheche.

"Cheche? Cheche akikalia kiti chenye sponji anakoroma."

"Bibi, ofisi iko ghorofani. Wewe una magoti."

"Magoti ninayo tangu nizaliwe. Ndiyo yaliyokupakata."

"Jamani Bibi. Pumzika tu."

Akanikumbatia. Lakini lilikuwa kumbatio la haraka haraka, la mtu anayefunga mlango. Nikasema moyoni, mke mwenzangu huyu leo ana neno. Nikarudi kwenye cherehani.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Mchana ule nilishona mfuko wa kaptula, nikaushona na juu pia, ukafungwa kabisa. Sijui huyo mtoto angetia mkono wapi. Nikaufumua huku najiuliza: amenionea aibu? Kwa sababu niliishia shule ya msingi?

Siku yenyewe ikafika. Hakimu akatoka mapema, shati jeupe nimelipiga pasi mwenyewe. Hajapotea kwenye kona, simu yangu ikalia. Cheche.

"Mama, jicho!"

"Jicho lina nini?"

"Cheche imeingia. Niko hospitali, wamenifunga bandeji."

"Si nilikwambia uvae miwani ya kazi?"

"Mama, hotuba baadaye. Mtoto amezima simu, na mimi siwezi kwenda. Nenda wewe."

"Hakimu alisema nina magoti."

"Mama! Wakiona hana mtu watamrudisha."

Hapo nilisahau kama nilikuwa nimenuna. Nikavaa gauni langu la bluu, lile la kola niliyoishona mpaka mikono yangu ikauma. Nikavaa na viatu vya harusi ya mama yake Hakimu, ambavyo hata siku ya harusi yenyewe vilinibana. Nikaenda.

Ngazi zilikuwa ngazi kweli. Nilifika juu napumua kama pampu ya baiskeli. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, feni isiyozunguka na mtungi mkubwa wa maji ya kunywa. Maji yapo, vikombe vimekwisha. Nikayatazama maji, maji yakanitazama.

Alikuwapo dada mmoja mwenye koti la kijivu, amekumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga. Akanipisha kiti cha karibu na dirisha.

"Keti hapa, Bibi. Umemsindikiza nani?"

"Mjukuu wangu. Nadhani yuko ndani."

"Basi tumebaki sisi wawili, mimi na yeye. Wengine wamekatwa. Nafasi mwaka huu ni moja."

"Mungu awasaidie wote."

Akacheka kidogo. "Moja, Bibi. Atasaidia mmoja."

Nikampenda. Nikamwuliza anataka kusomea nini, akasema jambo lile lile, elimu ya uhalifu. Nikamwuliza kwa nini msichana mzuri kama yeye. Akageuza uso dirishani.

"Kaka yangu alikuwa mlinzi wa ghala. Walimuua getini. Waliomuua hawakuiba hata msumari. Nataka nijue walifuata nini."

"Pole, mwanangu."

"Asante. Na ninyi mlimpoteza nani?"

"Sisi? Sisi hatujampoteza mtu."

Dada yule akanitazama kama niliyekosea basi. "Bibi, fungu hili ni la waliouliwa watu wao. Asiyefiwa haitwi humu."

Nikaanza kuwapitia watu wetu kichwani mmoja mmoja. Mama yake Hakimu mzima, anafanya kazi nchi ya mbali, hupiga simu akikumbuka. Baba yake alipotea, ndiyo, lakini alipotea kwa miguu yake mwenyewe na anajulikana alikopotelea. Cheche hospitali, jicho moja. Mimi hapa. Ni nani wetu aliyeuawa nami sikualikwa msibani?

Mlango ukafunguliwa. Akatoka binti wa mapokezi mwenye kucha ndefu.

"Msindikizaji wa mwombaji aliye ndani?"

"Mimi."

"Tuliambiwa atakuja mjomba."

"Jicho lake limeumia. Mimi ni bibi yake."

Akanitazama juu mpaka chini. Nikaona uso wake umebadilika, umelainika. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Aaa! Bibi mdogo. Mdogo wake marehemu. Poleni sana, mama. Poleni mno."

Msomaji, neno "bibi" katika lugha yetu ni pana kama shuka ya kitanda cha watu wawili. Mama wa mama ni bibi. Mdogo wake ni bibi. Jirani mwenye mvi ni bibi. Sikusema uongo hata kidogo pale mlangoni. Nilisema bibi, na yule binti akachagua ni bibi yupi.

Lakini mimi sina dada. Mama yangu alinizaa mimi, akasema inatosha.

Nikaingia.

Watu watatu nyuma ya meza. Katikati mama mwenyekiti, mtu mzima, sauti yake ya polepole. Kushoto na kulia wanaume wawili wenye tai. Na mbele yao Hakimu wangu, macho mekundu, karatasi laini imelowa mkononi.

Akageuka, akaniona. Nimewahi kuona kitambaa kikichuja rangi kwenye beseni. Ndivyo uso wake ulivyokuwa.

"Bibi," akasema. Neno hilo moja tu, halafu akafunga mdomo.

"Karibu, Bibi," akasema mwenyekiti. "Mjukuu wako alikuwa akitueleza alivyouawa dada yako. Ametutoa machozi sote."

"Dada yangu," nikasema.

"Yule fundi wa sare."

Magoti, ambayo siku zote nayatetea, yakaniangusha. Nikakaa kabla sijakaribishwa.

Mmoja wa wenye tai akapekua karatasi zake. "Kwa hiyo wezi walikuja kuchukua cherehani. Marehemu akaing'ang'ania. Wakampiga kwa pasi yake mwenyewe. Ndivyo?"

Sikilizeni niwaambie ya kweli. Cherehani yangu ya zamani iliibwa, ndiyo. Iliibwa mchana kweupe nikiwa zahanati napimwa presha. Walibeba cherehani na viti viwili. Pasi waliiacha. Na pasi hiyo hiyo ndiyo iliyonyoosha shati alilokaa nalo Hakimu mbele ya watu wale, akiwaeleza ilivyonipasua kichwa.

Nikamtazama mjukuu wangu. Akatazama sakafu.

"Ndivyo, Bibi?" akauliza tena mwenye tai.

Ningesema hapana. Neno fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Ningesema mimi ndiye huyo fundi, nipigieni makofi, nimefufuka. Na Hakimu angetoka mlango ule na asingeingia tena mlango wowote, maana watu hawa huambiana.

"Pasi ilikuwepo," nikasema.

Mungu anisamehe. Pasi ilikuwepo kweli.

Mwenyekiti akavua miwani. "Nadhani tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu."

Viti vikakwaruza. Wakasimama. Hakimu akasimama. Nami nikasimama, msomaji wangu. Na jibu la kile kitendawili sasa unalo mkononi, usijifanye ulilijua mapema.

Sijui wengine hufikiri nini dakika kama ile. Mimi nilifikiri: hawa wanasikitika kweli. Bwana mwenye tai ya mistari anapepesa macho. Watu nisiowajua wananililia, na niliyemlea anahesabu kama dakika imekwisha. Halafu nikafikiri: kiu.

Tulipokaa mwenyekiti akanigeukia.

"Tuambie kidogo, Bibi. Dada yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Bibi amechoka na ngazi," akasema Hakimu haraka.

"Sijachoka." Nikaiweka mikono yangu mezani. "Alikuwa mjinga kidogo."

Wenye tai wakaangaliana.

"Hakufika mbali shuleni. Mafundi hukata vipimo vya nguo kwenye magazeti ya zamani, basi yeye alimfundisha mtoto huyu kusoma kwa vipande hivyo. Mtoto alikuwa akisoma habari nusu, mkono wa shati umekata nusu nyingine. Akilia anataka kujua mwisho, marehemu alikuwa anautunga. Labda hapo ndipo alipokosea. Alimzoesha kwamba habari ikikatika, unatunga."

Hakimu akaikunja karatasi yake laini.

"Alimpenda sana," nikasema. "Na alidhani anaonekana. Hilo ndilo nililoliita ujinga."

Hakimu akaanza kulia. Si kile kilio cha karatasi laini. Kilio cha makamasi, cha mtoto aliyepotea sokoni. Mwenyekiti akaizunguka meza, akamshika bega.

"Lia, binti. Lia. Tumeona yote tuliyotaka kuona."

Wakatutoa nje tusubiri. Yule dada wa koti la kijivu akaitwa, akaingia. Hakimu akaketi kando yangu, akajaribu kunishika mkono. Nikauondoa, nikajifanya natafuta leso.

"Bibi, ningekueleza."

"Umeshanieleza. Kwa pasi."

"Mjomba ningemwambia huko njiani, kwa taratibu. Simu ilikuwa imekwisha chaji. Sikujua ungekuja wewe."

"Hata mimi sikujua. Maiti hawaambiwi ratiba."

"Bibi, wizi mtupu hawaupokei. Niliuliza. Walisema fungu la wizi halipo, la kifo lipo. Ningefanya nini?"

"Kwa nini mimi?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu. Binti wa mapokezi alikuwa akitutazama kwa huruma, kucha shavuni. Nikampungia. Na yeye akanipungia, akasema, "Vumilieni, bibi mdogo."

Yule dada hakukaa sana ndani. Alipotoka, mkoba wake ulikuwa wazi na picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya ulinzi ilichungulia. Nyuma yake akaja mwenyekiti, tabasamu limejaa.

"Kamati imeamua. Wote wawili mnastahili, lakini nafasi ni moja." Akamwelekea Hakimu. "Hongera, binti. Ada yote, vitabu, na malazi. Marehemu angefurahi."

Hakimu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kuna jambo dogo," akaendelea mwenyekiti. "Tuna utaratibu wetu. Kila tunayemfadhili, tunakwenda kumheshimu mpendwa wake. Jumamosi tutakuja nyumbani na shada la maua, mtupeleke kaburini. Na cheti cha kifo mtatupatia hapo hapo. Sawa, Bibi?"

Wote wakanitazama mimi. Mimi, mwenye kaburi.

"Karibuni," nikasema. Sikujua mdomo wangu ungesema hivyo. Ulisema tu, kama unavyowaambia wageni wote.

Dada wa koti la kijivu alikuwa mlangoni anafunga vifungo. Vidole vyake vilikuwa vinakosea matundu. Nikamsogelea, nikamfungia, maana hiyo ndiyo kazi yangu na sikuwa na kingine cha kumfanyia. Karibu yake nilisikia anapumua kwa kukatakata.

"Hongereni, Bibi," akaniambia. Akajitahidi kutabasamu. "Dada yako amewapigania huko aliko. Wangu mimi labda hana sauti kubwa."

Nikafungua kinywa. Naapa kwenu, nilikifungua. Na mkono wa Hakimu ukanishika kwa nyuma, ukanifinya, kama alivyokuwa akinifinya utotoni kwenye duka la pipi. Nikakifunga kinywa.

Dada akashuka. Nilisikia viatu vyake mpaka chini.

Msomaji, unaweza kunitukana. Mimi mwenyewe nimejitukana kwa maneno ambayo mhariri hayachapishi. Asubuhi nilikuwa nimesalitiwa. Jioni haijafika, nami nimemsaliti mtu, tena mtu aliyenipisha kiti.

Mtaani kulikuwa na jua na kelele za pikipiki. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha vinywaji, nikaomba maji, nikanywa chupa nzima bila kuitoa mdomoni. Muuzaji akasema, "Polepole, bibi, utakufa!"

"Nimeshakufa," nikamjibu. "Niongeze nyingine."

Hakimu hakucheka. Alikaa kwenye kreti la soda, mikono katikati ya magoti.

"Jumamosi tutasemaje?" akauliza.

"Tutasema? Wewe na nani? Mimi nitakuwa nimelala chini ya maua."

"Bibi, usinitanie."

"Nikutanie vipi, na wewe umenizika bila sanda? Niambie, mjukuu wangu. Mama yako yuko mbali, hakuna ambaye angemjua. Ungemuua yeye kwa mdomo, ukamaliza. Cheche ana mwili wa kuuawa, tena usiku usiku anarudi peke yake, kila mtu angeamini. Baba yako ndiye kabisa, hata mimi ningekusaidia kumzika. Watu wote hao. Kwa nini mimi?"

Akazungusha kizibo cha chupa vidoleni.

"Na yule dada wa watu? Kaka yake ni maiti wa kweli. Una usingizi wewe?"

"Usimtaje, Bibi. Tafadhali."

"Basi nijibu. Nimekuuliza kule juu ukanyamaza. Nimekuuliza ngazini ukajifanya unaniangalizia nisianguke. Sitainuka hapa. Nitakaa mpaka huyu bwana afunge kibanda chake. Kwa nini mimi?"

Muuzaji akajidai anapanga chupa, masikio ameyatoa nje kama madirisha.

Hakimu akainua uso. Haukuwa uso wa hakimu tena. Ulikuwa ule wa siku mama yake alipomwacha mlangoni kwangu na begi moja.

"Walisema wanaangalia macho," akasema. "Kwamba mwongo humjua kwa macho. Basi nikajizoesha kwenye kioo, kila siku ukiwa kwenye cherehani. Nikaanza na Baba. Sikuhisi kitu. Nikamuua Mjomba, nikacheka. Nikamuua Mama, Bibi, mama yangu mzazi, nikajaribu siku mbili tatu, hata chozi moja halikutoka. Halafu ukaita kutoka chumbani nikutungie uzi kwenye sindano, na mimi pale kwenye kioo nikafikiri, ingekuwaje kama asingeita? Nikashindwa kusimama. Nililia nikiwa nimekaa chini, na nikajua hilo ndilo wataliamini."